Udham Singh au Gandhi: nani aliijibu vyema damu ya Amritsar?

Mjadala huu hauishi. Tarehe 13 Aprili 1919 askari wa Dyer, jenerali wa Uingereza iliyoitawala India, waliufyatulia umati risasi 1,650 ndani ya Jallianwala Bagh, uwanja wa mjini Amritsar uliozungukwa na kuta. Serikali yenyewe ilikiri vifo 379. Chama cha Congress, kilichopigania uhuru wa India, kilikadiria kama 1,000.

Kwa gharama, Singh, mwanamapinduzi wa Kihindi, alilipa kwa shingo yake: Machi 1940, mjini London, alimpiga risasi Michael O'Dwyer, aliyetawala Punjab, jimbo lenye Amritsar, wakati wa mauaji yale, akanyongwa Julai. Gandhi aliutwisha umma mzigo: kususia mahakama, shule na nguo za Uingereza, kisha jela. Na msidhani njia yake ilikuwa safi kabisa. Mwaka 1922 huko Chauri Chaura waandamanaji waliteketeza kituo pamoja na polisi waliokuwamo, naye akasitisha kampeni nzima, wafuasi wakinung'unika.

Kumfikia mhusika, Singh anashinda, ingawa Dyer alikuwa ameshafariki kwa maradhi mwaka 1927. Kuitikisa dola, Gandhi yuko mbali mno.

Ukiuliza kama yatima wa uwanja ule, utamwelewa Singh. Ukiuliza kama mtu anayetaka kuunda nchi, Gandhi humkwepi.