Siti ya bodaboda niliyoshona mwenyewe nyumbani: uzoefu wangu baada ya masika

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, Pasua. Nashona sare za shule, magauni na vitenge; siti ya pikipiki sikuwahi kuigusa. Kilichonifikisha huko ni mgongo wa mume wangu. Baba Neema anaendesha boda, anapanda Kibosho na Uru karibu kila siku, na mwaka jana alipeleka siti kwa fundi mmoja ajaziwe sponji upya. Ilirudi imenona, ukiikalia unazama kama kwenye sofa. Miezi miwili haikuisha, sponji ikalala, akawa anakalia plastiki. Halafu nyuma iliachwa imeinuka na mbele imeshuka, kwa hiyo kwenye mteremko abiria anateleza mzima mzima hadi mgongoni kwa dereva, na dereva naye anabanwa kwenye tangi. Mvua ilipoanza, asubuhi ukibonyeza siti kwa kiganja maji yanachuruzika kwenye mshono.

Nikamwambia aniachie siti Jumapili mbili.

Siti laini siyo siti nzuri, na hilo ndilo ninalotaka kila dereva alijue kabla hajatoa hela yake. Sponji ya godoro jepesi inadanganya mkono. Mimi nilichukua ile ngumu ya rangi rangi, iliyoshindiliwa kutokana na vipande vya sponji, unene wa sentimita 5, na juu yake tabaka la kawaida la sentimita 2 tu. Dukani usiiminye kwa vidole. Omba kipande, kiweke chini, kikalie dakika tano. Ukianza kuisikia sakafu, kirudishe.

Kuchonga ndiko kulikokula muda. Nilitumia kisu cha mkate kilichonolewa vizuri, kisha msasa mkavu wa chenga kubwa niliouzungushia kwenye kipande cha mbao. Sehemu ya dereva niliilaza karibu iwe sawa na ardhi, ya abiria nikaichimba kidogo katikati ili akae badala ya kuteleza. Jaribio la kwanza liligoma: siti ilipanda, Baba Neema akawa anafika chini kwa ncha za vidole, na kwenye boda iliyobeba mtu hilo ni hatari. Sikupunguza urefu. Nilipunguza upana wa mbele, pale mapaja yanapopita, na miguu ikafika chini yote.

Gundi ya njano ya majimaji nilipaka pande zote mbili, nikasubiri kama dakika kumi hadi isinate kidoleni, ndipo nikabandika. Fanyia nje, mbali na jiko, harufu yake inaumiza kichwa na inashika moto upesi. Usiipake karibu na kingo za juu, ikikauka inakuwa ngumu na paja litaisikia.

Kwenye leza, ile ngozi bandia ya kufunikia siti, nilidhani niko nyumbani, lakini haishonwi kama kitambaa. Tundu la sindano halifutiki, kwa hiyo hakuna kubandika pini wala kufumua ukarudia. Nilishikiza kwa vibanio vya kuanikia nguo. Sindano namba 18, hatua ndefu, uzi wa poliesta mnene. Uzi wa pamba ukipigwa jua na mvua unaoza. Mguu wa mashine ulikuwa unanata juu ya leza, nikaweka ukanda wa karatasi ya daftari katikati, nikamaliza kushona nikauchana. Kosa langu lilikuwa kukata kwa kufuata kava la zamani wakati sponji imeshabadilika umbo: mbele palipungua sentimita 2, nikapoteza kipande kizima. Mara ya pili nilifunika sponji kwa nailoni, nikachora juu yake, nikaipata pateni yenyewe. Mshono niliushusha ubavuni, juu pakabaki pazima, na chini ya leza nikatandika nailoni nzito. Vile vitundu vya chini ya plastiki niliviacha wazi ili maji yakiingia yapate pa kutokea.

Kupiga stepla niliazima mashine ya fundi sofa wa jirani. Pini za milimita 6 zilitosha. Ndefu zaidi zingetoboa plastiki. Anza mbele, nenda nyuma, kisha ubavu kwa ubavu ukivuta.

Jumla ilinitoka kama shilingi 40,000, pamoja na leza niliyoiharibu. Masika yote yamepita, na sponji nilipoichungulia ilikuwa kavu. Bibi mmoja wa Kibosho, mteja wake wa siku ya soko, alishuka na kapu lake akamwambia, "Baba, leo sijakulalia." Aliponisimulia nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi yangu.

Madereva wenzake wameanza kuja. Wawili walitaka niirefushe siti ibebe mshikaki, nimekataa. Abiria ni mmoja.

Yapo yasiyoniridhisha. Leza nyeusi inaunguza ikiachwa juani, safari ijayo nitachukua ya kijivu. Na kona ya nyuma kulia ina mikunjo miwili, kwa sababu niliivuta jioni kuna baridi. Leza ikipata joto inalainika, kwa hiyo nitaing'oa pini na kuivuta upya saa nane mchana, jua likiwa kali.