Kununua mbegu za chikori: soma mwezi wa kupanda kabla ya kutazama picha

Sisi tuliolelewa Tanga kwa mchunga wa nazi hatuhitaji kuelezwa utamu wa mboga chungu. Nilipohamia Leicester, Uingereza, na kupata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, nilitafuta mboga iliyo karibu na mchunga, na nikaambiwa kwamba chikori ni ya ukoo huohuo. Na kweli, ukikata jani lake hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni kama ule wa mchunga. Nikanunua mtandaoni pakiti iliyoandikwa "chikori" tu, yenye picha ya kichwa chekundu kilichofungana kama kabichi, nikazipanda mbegu mwanzoni mwa Aprili. Kufikia Julai mimea ilikuwa imenifika begani, mashina magumu kama fito, majani ya juu madogo kama kucha, na maua ya buluu yanayofunguka asubuhi na kufumba adhuhuri. Yalipendeza machoni, lakini sufuria haikupata kitu.

Kasoro hiyo ya kutoa shina la maua kabla ya wakati ndiyo nitakayoipima hapa. Wingi wa mbegu katika pakiti sitaujadili, kwa kuwa gramu moja ya chikori ina mbegu zaidi ya 500 na bustani ya nyumbani haizimalizi. Sisi wa Pwani, ambako mchana huwa na takriban saa 12 mwaka mzima, hatuna desturi ya kujiuliza kama mboga inajua urefu wa siku. Chikori inajua. Mche uliopigwa na baridi ya Aprili, kisha ukakutana na mchana wa Juni ambao huku hukaribia saa 17, hufanya kama mmea uliokwisha kuvuka majira ya baridi, na badala ya kuongeza majani hukimbilia kuzaa mbegu. Kwa hiyo aina nyingi za kufunga kichwa ni salama zaidi zikipandwa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, na pakiti isiyotaja jina la aina wala miezi ya kupanda mimi siinunui hata kwa senti.

Kwa mpishi wa Kiswahili, ya kwanza bila ushindani ni Catalogna, yenye majani marefu yaliyochongoka kingo na bua jeupe nene. Haifungi kichwa, hivyo unaikata ingali changa na haikupi hasara kubwa hata ukikosea majira kidogo. Ichemshe, uikamue maji ya kwanza, kisha uiunge kwa tui zito na kitunguu. Uchungu unaobaki ni ule tunaoutaka. Mimi hununua ya Franchi, kampuni ya Italia inayouza mbegu tangu 1783, na sifichi kwamba ninaipendelea: pakiti zake hutaja aina kwa jina lake kamili na huonyesha miezi ya kupanda na ya kuvuna, na mbegu ndani ni nyingi kuliko nitakazohitaji. Kumbuka tu kwamba kalenda yake ni ya Italia, kwa hiyo kwetu huku kaskazini usichelewe kuivuna.

Ya pili ni Pan di Zucchero, ambayo hufunga kichwa kirefu, na majani ya ndani hupauka yenyewe kwa kukosa mwanga na kupungua uchungu. Hiyo ndiyo ya kumpa mgeni asiyezoea mboga chungu, imekatwa nyembamba ndani ya kachumbari. Huvumilia jalidi nyepesi, nami nimekuwa nikikata vichwa hadi Desemba.

Palla Rossa, ile nyekundu ya kwenye picha, naiweka ya tatu. Wekundu wake hukolea baridi inapoingia, na mbegu za kawaida hazitoi vichwa vinavyofanana: katika mimea kumi unaweza kuona mitatu imebaki majani matupu. Mbegu chotara, kama Indigo F1, hufanana zaidi, lakini utalipa zaidi kwa mbegu chache.

Witloof ni ya mwenye subira na mahali penye giza. Unaikuza kwa ajili ya mizizi, unaing'oa Novemba, unakata majani sentimita mbili au tatu juu ya mzizi, kisha unaisimamisha katika ndoo ya mchanga wenye unyevu na kuifunika hadi itoe vichipukizi vyeupe baada ya wiki tatu au nne. Magdeburg nayo hukuzwa kwa mizizi ya kukaanga na kusagwa kuwa kinywaji cha badala ya kahawa. Kwa jikoni langu haina kazi.

Pakiti za bei rahisi za mchanganyiko ziacheni.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wauzaji wengi huita kwa jina moja mboga ya saladi, mizizi ya kahawa, malisho ya kondoo na ua la porini, kisha hubandika picha moja nyekundu juu ya vyote. Nilipomwandikia yule aliyeniuzia, alinijibu kwamba mbegu zimeota, kwa hiyo hana deni nami. Nilikuwa nimelipa pauni mbili na nusu, na posta ikawa ghali kuliko mbegu zenyewe. Siku hizi naagiza pakiti tatu kwa pamoja ili posta iwe moja, zinazobaki nazihifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko, kwa kuwa mbegu za chikori hubaki na uhai kwa takriban miaka minne. Catalogna ninayoila mwaka huu imetoka katika pakiti niliyoifungua mwaka juzi.