Duka la unga wa mazoezi katikati ya Dodoma: nunua kopo, acha vifuko

Kwa anayenyanyua vyuma jimu ili shati limkae, duka hili halina neno. Kreatini ipo, protini ipo, na risiti ya EFD unapewa bila kudai. Mkimbiaji anayeweza kuitwa kupimwa mkojo ndiye anayepaswa kuwa macho.

Shida ni vifuko. Kopo kubwa linafunguliwa, unga unachotwa kwa kijiko na kuuzwa rejareja. Bei inashuka, lakini lebo na namba ya toleo (inayoonyesha kopo lilitengenezwa katika kundi gani) vinabaki dukani, na kijiko ni kimoja kwa makopo yote. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, alijua au hakujua. Bidhaa ikiwa ilichafuliwa, adhabu inaweza kushuka: kuanzia karipio hadi kufungiwa kushindana miaka 2. Ila lazima athibitishe dawa ilitoka wapi, na ushahidi wenye nguvu ni kopo ambalo halijafunguliwa, la toleo lilelile. Mwenye kifuko ataonyesha nini?

Ukali huo ni wa haki. Aliyeshika nafasi ya pili hakuhusika na kifuko cha mwenzake. Kinachokera ni muuzaji kusema "hii ni ya asili" halafu akabaki salama. Higenamine inatoka kwenye mimea na ni marufuku wakati wote. Mirungi nayo ni ya asili, lakini kathini, kemikali iliyomo ndani yake, ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo mashindanoni, ni kosa. Na muda wa mashindano unaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku yenyewe. DMAA, kichangamshi kilichokatazwa mashindanoni, ni mjanja zaidi: lebo inaweza kuandika methylhexanamine, au geranium tu. Kafeini ruksa.

Ukinunua, chukua makopo mawili ya toleo moja, moja usilifungue. Piga picha lebo, tunza risiti. Kopo likiwa na alama ya Informed Sport, mpango unaopima bidhaa kama zina dawa zilizokatazwa, tafuta namba ya toleo kwenye tovuti yao. Isipoonekana, lirudishe kwenye rafu. Asiyemudu mawili, uji wa uwele wenye karanga na maziwa unamtosha.

Nyota 4 kwa watu wa jimu. Kwa wanaopimwa, 2, na zote ni za kreatini tupu iliyofungwa.