Vioo vya pikipiki nyingine kwenye DT ya zamani: kipi ununue, kipi uache

Yamaha DT125 yangu niliichukua mnadani, kwenye kundi la pikipiki chakavu za mradi uliokwisha. Injini iliwaka kiki ya pili, tanki halivuji, ila juu ya usukani hapakuwa na kioo hata kimoja. Yalibaki matundu mawili yaliyojaa udongo. Nikajiambia vioo si kitu, nikanunua pea ya Boxer, maana kila duka la spea lina vioo vya Boxer vimening'inia mlangoni kama mikungu ya ndizi. Cha kushoto kikaingia kwa mkono, laini kabisa. Cha kulia kikagoma hata nusu mzunguko hakijafika.

Fundi aliyekuwa jirani akasema, "Kutu tu hiyo kaka, lete nikuwekee." Akadondosha oili chafu, akashika spana namba 14, akakaza. Nikaona unga unaong'aa wa aluminiamu unamwagikia tanki, halafu nikasikia ta! Ufa ukatokea ubavuni mwa tundu. Na kile kipande chenye tundu hakishiki kioo peke yake. Ndicho kinachoshika mkono wa breki ya mbele. Kioo cha bei ya lita chache za petroli kikaniachia pikipiki yenye breki ya nyuma tu.

Haikuwa kutu. Yamaha kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka na thredi (mistari ya skrubu) ya kinyume kwenye kioo cha kulia: unakaza kwa kuzungusha kushoto, unalegeza kwa kuzungusha kulia. Wanaoiona mara ya kwanza hudhani mtengenezaji alikuwa na utani. Sababu yake ni hii: kioo cha kulia kikigonga kitu kutoka mbele, tawi au ubavu wa gari, kinasukumwa kurudi nyuma, yaani kinazunguka kuelekea ule upande ambao thredi ya kawaida hukazika. Kingekuwa cha kawaida kingekaza mpaka kivunje kitu. Kikiwa na thredi ya kinyume kinafunguka chenyewe na kugeuka. Cha kushoto kikigongwa hivyo hivyo hulegea kwa thredi ya kawaida, hakihitaji ujanja wowote.

Bahati mbaya ni kwamba hicho cha kulia ndicho tunachokihitaji zaidi. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekupita anakupitia kulia. Aliyewahi kuendesha barabara ya Morogoro kwenda Iringa huku semi imemkalia mgongoni anajua ninachosema. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wao wanaendesha kulia, cha kushoto ndicho kinachowalinda, na hicho hakina shida ya kutafuta.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua tundu lako. Pikipiki nyingi za Kijapani, na zile za Kichina zilizoigwa kutoka Honda CG125, zina tundu la shina la milimita 10, na hatua ya thredi, yaani nafasi kutoka mstari mmoja hadi mwingine, ni milimita 1.25. Honda ndogo za zamani kama C70, na skuta nyingi, ni milimita 8. Kama kuna kioo cha zamani hata kilichovunjika, usikitupe. Kifungue, kiweke mfukoni, nenda nacho dukani. Kama hakuna, safisha tundu kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kisha jaribu kwa vidole tu. Shina sahihi huingia mizunguko mitatu minne bila kutumia nguvu. Likigoma, lizungushe upande wa pili kabla hujamwita mtu mwenye spana.

Kuna mtego mmoja. Watu huchukua bolti ya milimita 10 kutoka duka la vifaa vya ujenzi wakapimie tundu. Bolti hiyo ya kawaida ina hatua ya 1.5, si 1.25. Huanza kuingia vizuri kabisa, inakudanganya, halafu inabana, na ukiilazimisha unaua thredi nzima. Kwa tundu la 8 hakuna tatizo hilo, bolti ya kawaida ya 8 ina hatua ya 1.25 vilevile. Kwa la 10 usijaribu.

Sasa vioo vyenyewe. Navipanga kwa mtu mwenye DT au Yamaha nyingine ya zamani inayofanya kazi shambani na barabarani, si ya maonyesho.

Namba moja kwangu ni vioo vya Boxer na adapta moja ya kulia. Wapo watakaobisha. Adapta ni kipande cha chuma chenye urefu wa kidole gumba hivi: chini kina thredi ya kinyume ya kuingia kwenye tundu la Yamaha, juu kina tundu la thredi ya kawaida. Ukishaifunga inakaa pale siku zote, na kuanzia hapo pikipiki yako inakubali kioo chochote cha milimita 10 cha kawaida. Hiyo ndiyo faida. Ukianguka Mgeta huko milimani, duka la kwanza utakalokuta halina kioo cha kulia cha Yamaha. Cha Boxer linacho, na unauziwa kimoja badala ya kulazimishwa pea. Nilihofu kwamba adapta itaua ule ujanja wa kufunguka kikigongwa. Haikuua. Siku nilipogonga mti wa uzio, kioo na adapta vilizunguka pamoja pale chini, kwenye thredi ya kinyume, na tundu likabaki zima. Hasara yake ni kwamba kioo cha kulia kinapanda sentimita mbili tatu kuliko cha kushoto, na pikipiki inaonekana kama inakunja nyusi. Utazoea. Adapta usipoipata kwenye maduka ya mjini au Kariakoo, fundi wa mashine ya kuchonga chuma anaweza kukutengenezea, mradi umpelekee sampuli ya thredi zote mbili. Usimwelekeze kwa mdomo.

Namba mbili ni vioo vya Yamaha ya aina nyingine, kama YBR125 au XTZ125. Hivi havihitaji adapta, vinalingana urefu, na pikipiki inapendeza. Ningeviweka juu kama visingekuwa na shida mbili. Kwanza ni ghali kwa kioo ambacho kitavunjika tu. Pili, mfuko ulioandikwa Yamaha si ushahidi wa kilichomo ndani. Fungua mfuko hapo hapo kaunta. Shika cha kushoto kwa mkono wa kushoto, cha kulia kwa mkono wa kulia, mashina yakiwa wima, ukiviweka karibu karibu. Tazama mistari ya thredi: ya kushoto ipande kuelekea kulia, ya kulia ipande kuelekea kushoto, mpaka ikutane kama paa la nyumba. Ikiwa yote inalala upande mmoja, umepewa vioo vya pikipiki nyingine ndani ya mfuko mzuri. Muuzaji akikwambia "vyote sawa tu bosi", mrudishie.

Namba tatu, vioo vya kukunja vya pikipiki za porini. Vina kiungo katikati ya shina, unavilaza unapoingia kwenye mapori au unapoipakia pikipiki kwenye lori. Kwa DT ndivyo vinavyoifaa kimaumbile, ila uzuri wake unategemea kiungo hicho, na kwenye vya bei rahisi kiungo hulegea upesi. Ukifika mwendo wa 60 kioo kinaanza kuitikia kila shimo, na baada ya miezi kinalala chenyewe kama mtu mwenye usingizi. Ukivinunua, hakikisha kiungo kinakazwa kwa bolti na nati. Cha ribiti usiguse.

Namba nne ni vya kubana kwenye bomba la usukani. Usukani wa DT, kama wa pikipiki nyingi, ni milimita 22, na vibanio vingi vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Hivi ndivyo vilivyoniokoa baada ya ule ufa, wakati natafuta kishikio cha breki cha mtumba. Faida yake havijali thredi hata kidogo, kwa hiyo mwenye tundu lililokufa aanzie hapa. Hasara: vinateleza. Weka kipande cha mpira wa tairi la ndani kati ya kibanio na bomba, kaza skrubu zote mbili kwa zamu, na bado kila wiki utakirudisha kioo mahali pake. Pia usibane juu ya waya wa taa.

Mwisho kabisa naweka vioo vya ncha za usukani, vile vinavyochomekwa mwishoni mwa mpini. Mjini vijana wanavipenda, na kweli unaona nyuma bila kujiona viwiko. Lakini usukani wa DT tayari ni mpana. Ukiongeza kioo kila upande umegeuza pikipiki kuwa kaa: hupiti kati ya magari, hupiti kati ya mahindi, na ikianguka kidogo tu, kioo ndicho cha kwanza kufika chini.

Nje ya orodha kabisa ni ule ushauri wa "tuchonge tu thredi mpya". Tundu la 8 linaweza kupanuliwa kuwa 10 kama nyama ya aluminiamu pembeni inatosha. Linatobolewa kwa keekee ya milimita 8.8, ndipo inapitishwa tapu, kile chombo cha kuchonga thredi. Lakini tundu la 10 la kinyume huwezi kuligeuza kuwa 10 la kawaida. Nyama ya kuchonga thredi mpya imeshaliwa na ile ya zamani. Anayekuahidi hivyo atakuachia tundu lisiloshika upande wowote, pengine na ufa kama wangu.

Ukishaamua aina, kagua kioo chenyewe, maana kwenye lundo moja hutoka vizuri na vibovu. Upe mgongo mlango wa duka, nyoosha mkono, utazame ndani ya kioo ukingo wa mlango au nguzo ya umeme iliyo nyuma yako. Sogeza kioo taratibu. Kioo kizuri kinauonyesha mstari ukipinda polepole na kwa usawa, kibovu kinauyumbisha kama moshi. Vioo vingi vya pikipiki ni kioo mbinuko, huonyesha eneo pana lakini hufanya gari lionekane mbali kuliko lilipo. Kama ulizoea kioo bapa, wiki ya kwanza geuza shingo pia. Ukikuta nyuma herufi E ndani ya duara na namba, hicho kimetengenezwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa za vioo vya pikipiki, ambazo kwa kioo cha mduara zinataka kipenyo kisipungue milimita 94. Ingawa herufi nayo hughushiwa, kipimo cha milimita 94 hakighushiki. Beba rula. Vile vidogo vya urembo, vyenye umbo la jani au fuvu, huishia kukuonyesha bega lako.

Kuhusu mtikisiko: DT ina silinda moja, na shina refu jembamba hugeuza kila mlipuko kuwa ukungu kwenye kioo. Chagua shina nene na fupi kadiri unavyoweza bila kupoteza mwonekano. Kati ya pea mbili za bei moja, chukua nzito.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Paka thredi grisi kidogo. Zungusha shina kwa vidole mpaka likaribie mwisho, lirudishe nyuma mpaka kioo kielekee unapotaka, kisha lishike kwa mkono mmoja na ukaze nati ya chini kwa spana. Usikaze kwa kuzungusha kioo chenyewe. Kumbuka nati ya kulia, kama shina ni la Yamaha, nayo ni ya kinyume. Kaa kwenye kiti ukiwa umevaa koti unalovaa safarini, mtu asimame nyuma yako hatua kama kumi upande wa kulia, na urekebishe mpaka umwone mzima huku kiwiko chako kikibaki kipande tu pembeni. Geuza usukani mpaka mwisho kila upande uone kama shina linagusa waya wa klachi. Kisha minya mkono wa breki, uachie, na utazame kama ule ubavu wa tundu umebaki bila ufa.

Mimi niliandika kwa rangi nyeupe kwenye kishikio kipya, kando ya tundu la kulia: KUSHOTO = KAZA. Mafundi wanacheka wakisoma, ila tangu hapo hakuna aliyeingiza spana bila kuuliza.