Shahada ya Muziki katika Chuo Kikuu Kishiriki: Tathmini ya Mhitimu

Shahada ya kwanza ya muziki inastahili ada ya miaka mitatu kwa mtu mmoja tu: yule anayeingia chuoni akiwa tayari ana sikio la kwaya au mkono uliozoea ala, na anayetaka kuweza kuandika anachokisikia ili wengine wakipige bila yeye kuwapo. Anayetaka kurekodi nyimbo na kuuza jina lake mjini atatumia vibaya muda wake. Nimesoma katika chuo kikuu kishiriki kimoja hapa Tanzania, nami sitakitaja, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa nacho na ninaamini mengi kati ya hayo hayakihusu chuo kimoja peke yake.

Mwaka wa kwanza ndio unaowachuja watu. Wengi wetu tulitoka kwenye kwaya za makanisa, tukisoma solfa, yaani ule mfumo wa kuandika nyimbo kwa silabi do, re, mi, ulioanzishwa na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, kisha ukasambazwa Afrika na wamisionari. Msomaji wa solfa hajali wimbo umeanzia ufunguo gani, kwa sababu do yake huhama na kufuata ufunguo huo, na kwa hiyo huimba papo hapo karatasi ambayo hajawahi kuiona. Ukimpa nota za mistari mitano zenye flati nne, yaani alama za kushusha sauti, anaduwaa. Nilitarajia wahadhiri waidharau solfa, lakini walifanya kinyume: katika somo la mafunzo ya sikio waliitumia kama msingi, wakatuimbisha kila zoezi kwa solfa kwanza, na ndipo tukaliandika kwenye mistari. Kwa ufundishaji huo pekee, naupa mwaka wa kwanza alama za juu kabisa.

Hata hivyo, uzito halisi wa kozi unajitokeza mwaka wa pili, pale somo la upatanifu wa sauti nne linapokutana na somo la muziki wa Afrika. Katika somo la kwanza tulipanga sauti kwa kufuata mtindo wa Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, na kosa lililotupotezea alama kuliko mengine lilikuwa kuziacha sauti mbili zitembee pamoja zikiwa zimeachana kwa nafasi ya tano, kama kutoka do hadi so. Katika somo la pili tulipewa rekodi za uimbaji wa Wagogo wa Dodoma na kuambiwa tuziandike. Humo, sauti ya pili huifuata ya kwanza sambamba, na nafasi za nne na za tano zinazofuatana ni jambo la kawaida kabisa. Mwanafunzi yuleyule, wiki ileile, anafutiwa alama kwa kitu ambacho kwenye karatasi nyingine anatakiwa kukiandika kwa heshima. Wapo waliolalamika kwamba wanachanganywa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililofanya ada yangu isipotee, maana nilielewa kwamba kanuni zile ni desturi za mahali fulani na wakati fulani, na kwamba wimbo wa Kigogo nao una kanuni zake, ambazo hazilegei hata kidogo.

Zoezi la ilimba lilikuwa gumu zaidi. Hii ni ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba ambayo Hukwe Zawose, msanii wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003, aliisikilizisha dunia. Kwenye sanduku lake hutobolewa matundu yanayofunikwa kwa utando wa buibui, na kutoka hapo ndipo unapotoka ule mnong'ono unaoandamana na kila sauti. Skala yake ina sauti tano zinazofuata mfululizo wa asili wa sauti. Tukichukulia C kuwa msingi, tunapata C, D, E, G na sauti nyingine ambayo kwa haraka utaiita B flati, ila iko chini ya B flati ya piano kwa takribani theluthi moja ya nusu toni, yaani ya hatua ndogo kabisa kwenye piano. Wengi wetu tuliirekebisha bila kujua, tukaandika B flati na kuendelea. Mkufunzi aliirudisha kazi, akatuketisha mbele ya piano na ilimba, akapiga sauti hizo mbili kwa kupokezana mpaka kila mmoja aisikie tofauti, kisha akatufundisha kuweka mshale mdogo unaoelekea chini juu ya nota. Sijui ni darasa gani lingine lingenifundisha kutoiamini piano kiasi hicho.

Somo la utunzi nalo lilikuwa zuri, hasa katika kuoanisha maneno na mapigo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tenzi nyingi zilizotafsiriwa zilivalishwa tuni za Ulaya bila kujali hilo, kwa hiyo katika neno "mchungaji" pigo zito linaweza kuangukia "ji" badala ya "nga". Tulitakiwa kusoma shairi kwa sauti na kupiga makofi kabla ya kuandika nota yoyote. Historia ya muziki wa Ulaya ilifundishwa kwa kutimiza ratiba, na sina la kuongeza.

Sasa malalamiko. Vyumba vya mazoezi vilikuwa vichache kuliko mahitaji, na piano mbili za kweli hazikuwa zimepata fundi wa kuzisawazisha kwa muda mrefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi ilifanyika kwenye vinanda vya umeme, na umeme ukikatika, mazoezi yalikatika nao. Mzee aliyetufundisha zeze alikuwa bora kuliko walimu wote niliowahi kukaa mbele yao, lakini kwa kuwa hakuwa na shahada, alilipwa kwa saa kama mgeni, na muhula ambao bajeti haikutosha, hakuja. Hili linaniudhi hadi leo, kwani chuo kinachotoa shahada ya muziki wa Afrika kinapaswa kutafuta njia ya kumwajiri bingwa wa muziki huo.

Udhaifu mwingine ni elimu ya kipato. Hakimiliki ilizungumziwa kwa kupitia tu, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999 na ndiyo iliyoianzisha COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini. Mhitimu anatoka akijua kupanga sauti nne lakini hajui mkataba wa prodyuza unasomwaje. Ajira nazo zahitaji kutazamwa bila kujidanganya: somo la muziki linafundishwa katika shule chache za sekondari, na anayetaka kuajiriwa kama mwalimu atahitaji pia mafunzo ya ualimu. Wenzangu wengi wanaongoza kwaya, wanafundisha watoto majumbani au wanapanga muziki kwa malipo ya kazi kwa kazi. Kwa anayetaka jukwaa zaidi ya karatasi, ningemshauri aitazame kwanza TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo mafunzo yake yameegemea zaidi vitendo.

Kabla ya kuomba nafasi, fika chuoni siku ya kawaida ya masomo, jioni, na uone ni wanafunzi wangapi wanasubiri nje ya vyumba vya mazoezi. Uliza ni nani anafundisha ala za asili muhula huu na kama yumo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Omba pia kuonyeshwa kazi moja ya mwaka wa tatu iliyokwisha kusahihishwa. Ukikuta imejaa alama za kalamu nyekundu pembeni ya nota, chukua fomu.