Uzoefu wangu na samaki wa mpira asiyenasa mwani: kuvua besi kutoka ufukweni, kusini mwa Devon, England

Jibu kwanza, kwa anayetaka kununua leo: ndiyo, chambo hiki bandia cha mpira kinastahili hela yake, hasa ukivua penye mawe na mwani. Ukivua ufukwe mtupu wa changarawe kama Slapton, kuna vyambo vingine vinavyoruka mbali zaidi na kwa bei ndogo.

Besi ndiye samaki ambaye Mswahili wa huku Uingereza anaweza kumfuata bila mashua na bila kumlipa mtu. Ubavu wake ni fedha tupu, mgongo wa kijivu, mdomo mpana, na huja kula hadi kwenye maji yanayokufika magotini. Kumvua baharini kwa fimbo hapa England hakuhitaji leseni. Wenyeji wengi bado wanatumia chambo halisi, kaa aliyejivua gamba au kipande cha ngisi, lakini mimi nimependa chambo bandia kwa sababu kinakufanya utembee, uyasome maji, usikae mahali pamoja ukiitazama ncha ya fimbo.

Chambo ninachokizungumzia kina vipande viwili. Cha kwanza ni kichwa cha risasi kilichopakwa rangi na kuchorwa jicho, kimeungwa na ndoana moja kubwa kwa namna inayoiruhusu kucheza. Cha pili ni mwili wa mpira laini, milimita 120, unaochongoka kuelekea mkiani na kuishia kwa kisahani kidogo. Unaupitisha mpira kwenye ndoana, na ncha ya ndoana inalala mgongoni, ndani ya mfereji mwembamba. Ukipitisha kidole juu yake huisikii. Ukibana mwili kwa kidole gumba na cha shahada, mpira unabonyea na ncha inachomoza. Hivyo ndivyo mdomo wa samaki unavyofanya. Watengenezaji wa aina hii ni wengi sasa, Wafaransa na wengineo, na kanuni ni ile ile.

Umbo lake linamwiga samaki mwembamba kama kipande cha kamba ya kufungia ambaye hujifukia mchangani na ambaye ni chakula kikubwa cha besi upande huu. Nje ya Start Point kuna fungu la mchanga liitwalo Skerries Bank, na samaki hao wamejaa pale.

Faida yake niliielewa vizuri kwenye miamba kati ya Start Point na Prawle Point. Pale mwani umeota kila mahali, wa kahawia, mrefu, mnene kama nywele zilizoloa, na besi anapita katikati yake akitafuta kaa na samaki wadogo. Chambo cha plastiki ngumu chenye ndoana mbili au tatu za makucha matatu kinarudi na fungu la mwani kila ukivuta, au hakirudi kabisa. Hiki cha mpira nakitupa juu ya mwani wenyewe, nakiacha kizame kwenye upenyo, nakivuta, kinapanda juu ya jabali na kushuka upande wa pili. Kwa hiyo unavua pale samaki alipo, si pale chambo chako kinapoweza kupita. Hilo ndilo linalokifanya kiwe na thamani kuliko vingine vyote nilivyonavyo.

Ila hakuna chambo kitakachokusaidia usipojua maji. Hapa waliokulia pwani ya kwetu wana mtaji tayari, maana bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) ni yale yale. Bamvua la Devon ni kubwa kuliko la Kilindini, maji hupanda na kushuka mita nne na nusu hivi, na mkondo wake una nguvu. Mimi napenda maji yakianza kujaa hadi nusu ya kujaa, wakati bahari inaingia kwenye mifereji kati ya miamba na besi anaingia nayo. Upepo wa kiasi kutoka baharini, povu jeupe likichemka kwenye mawe, hapo moyo unatulia. Baada ya dhoruba maji yakiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, baki nyumbani, kwa sababu samaki huyu anatafuta kwa macho. Na mtu wa Bara asiyezoea kupwa na kujaa aelewe jambo moja: mwamba unaoufikia kwa miguu mikavu asubuhi unaweza kuwa kisiwa kabla ya adhuhuri. Angalia jedwali la maji, na ujue njia ya kurudi kabla hujatupa mara ya kwanza.

Kukivuta hakuna ufundi mkubwa. Polepole. Wengi wanakikimbiza kama wanarambaza nyuma ya ngalawa, wakati mkia wa kisahani unacheza wenyewe hata rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, ikizunguka taratibu. Nazungusha mara chache, nasita, kinashuka, naendelea. Mara nyingi anapiga wakati kinashuka, na unachosikia si mvuto bali kishindo kifupi kwenye uzi, tak! Hapo inua fimbo kwa nguvu, si kwa adabu, kwa sababu ndoana imefichwa na lazima itoboe mpira kwanza ndipo ishike mdomo. Kwa sababu hiyo hiyo uzi wa kusuka ni wa lazima, maana wa nailoni unavutika na ile nguvu inapotea njiani.

Sasa kasoro zake. Makareli, samaki wa jamii ya vibua, wakiingia, mkia hauna maisha. Wanaung'ata nusu kwa nusu, na mwili usio na mkia hauna kazi. Kwa hiyo gharama si ya siku ya kununua tu, miili ya akiba inakula pesa taratibu. Kichwa chepesi cha gramu 12 kinafaa maji mafupi tulivu, lakini upepo ukikujia usoni hakifiki popote, itabidi uwe na cha gramu 18 au 25 mfukoni. Ndoana inashika kutu upesi usipoisuuza kwa maji baridi ya bomba. Tena usichanganye mipira ya kampuni tofauti kwenye kisanduku kimoja, mingine inayeyushana na kubaki ute unaonata.

Alfajiri bahari ikiwa shwari kama kioo nakiweka kando, natumia Patchinko ya Xorus, chambo kigumu kinachoelea na kuyumba kulia na kushoto juu ya maji. Kumwona besi akipasua maji nyuma yake ni raha ambayo mpira hauwezi kukupa.

Jambo moja nalishikilia sana katika uvuvi huu. Besi anakua polepole mno, na jike huwa anaelekea kuwa na miaka sita hivi ndipo aanze kutaga. Ndiyo maana mwaka 2015 urefu wa chini unaoruhusiwa uliongezwa kutoka sentimita 36 hadi 42, tangu ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Kuna pia ukomo wa idadi kwa siku, na kipindi mwanzoni mwa mwaka ambapo kila besi anarudi majini. Sheria hizi hurekebishwa, zisome upya kila mwaka kwenye tovuti ya serikali. Kuuza ulichovua kwa burudani ni marufuku. Ndoana moja ya chambo hiki inasaidia hapa pia, kwa sababu inatoka mara moja na samaki mdogo anarudi mzima, tofauti na makucha yanayochana mashavu. Lowesha mikono kabla ya kumshika, na jihadhari na pezi la mgongoni pamoja na kifuniko cha shavu, kinakata kama wembe.

Anayeanza, chukua fimbo ya mita 2.7 inayotupa gramu 10 hadi 30, rili ya ukubwa wa 3000 au 4000, na kipande cha uzi mgumu wa florokaboni unaohimili ratili 20, chenye urefu wa mita moja hivi mbele ya uzi wa kusuka, kwa ajili ya kuhimili mawe. Pakiti ya kwanza nunua ya gramu 18, rangi ya kaki au ya kijani iliyofifia. Nyeupe iongeze baadaye, utakapoanza kwenda usiku.