Kaboksi ka gemu, PS5 au kompyuta ya kuunda: ipi iingie chini ya TV yako hapa Uganda

Tangu Valve, wale wenye duka la gemu za kompyuta la Steam, watangaze Steam Machine, kikompyuta chao cha gemu cha kuweka chini ya TV, mwezi wa Novemba 2025, kila jamaa mwenye TV na pesa kidogo pembeni anauliza swali moja, ati haka kaboksi kanaweza kweli kushindana na PS5, au bora nijiundie kompyuta yangu nitulie. Wazungu wa YouTube wanajibu kwa kupima fremu za 4K. Sisi tunacheza kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, umeme wa Yaka wa kulipia kabla, bando la kuhesabia, kwa hiyo hesabu yetu ni nyingine kabisa na mimi nitapanga kwa hesabu hiyo.

Kwa kifupi: kwa nguvu, vikompyuta vidogo vimeshafika. Kwa mpira, bado. Na Uganda gemu ni mpira kwanza, hayo mengine yanafuata nyuma, nenda kibanda chochote cha gemu Wandegeya au Arua jioni uangalie kuna nini kwenye skrini.

1. PS5 yenye sehemu ya CD

Hii ndo namba moja kwa sebule ya kawaida na sababu si nguvu yake, sababu ni CD. Gemu kubwa za saa hizi zinakula GB 80, 100, nyingine zaidi, sasa piga hesabu ya bando kwa kila gemu afu uniambie kama mwisho wa mwezi utakuwa umebaki na pesa ya posho. CD unanunua, unacheza, ukichoka unaenda mjini unaongeza kidogo unabadilisha na nyingine, na ndugu yako naye anaazima. Update bado itataka data, hiyo hukwepi, ila sio kama kushusha gemu nzima kutoka sufuri.

Toleo la Slim lina sehemu ya CD inayotoka, kwa hiyo hata kama ulinunua ile ya digital unaweza kuongeza kifaa chake baadaye, ila mara ya kwanza ya kukiunganisha lazima uwe na intaneti. PS5 Pro inakuja bila CD kabisa na bei yake ni ya kuangalia tu, kwa TV ya Full HD siioni faida, wacha ikae dukani.

Bei: Agosti 2025 Sony walipandisha ile ya CD kule Marekani hadi dola 549. Dola ikizunguka 3,600 hiyo ni karibu milioni mbili, bado hujaweka usafiri, ushuru na tumbo la mwenye duka. Ukiona mtu anauza "mpya" kwa milioni moja, fungua macho. Kuna vile viboksi vyenye umbo la PS5 ambavyo ndani ni gemu za zamani za kale kabisa, na kuna mashine zilizofungiwa akaunti huko zilikotoka. Iwashwe mbele yako, ingia onlaini, ingiza CD, cheza mechi nzima usikie feni inasemaje.

Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni hii ya akaunti. Uganda haiko kwenye orodha ya nchi za PSN, ule mtandao wa PlayStation, kwa hiyo watu wanafungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kuijaza kwa kadi za zawadi. Sawa, inafanya kazi, ila chagua nchi moja ukae nayo maana kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na CD iliyokuja na mzigo wa Dubai au Ulaya inaweza kukataa vitu vya nyongeza ulivyonunua kwa akaunti ya Marekani. Halafu kucheza onlaini gemu za kulipia kunataka PS Plus, hiyo ni bili nyingine. Kwenye kompyuta onlaini ni bure, hapo konsoli inapigwa bila ubishi.

Ikiharibika? Kati ya prosesa na chuma cha kupooza Sony waliweka metali ya maji, sio ile dawa nyeupe ya kawaida, na fundi asiyejua akifungua ovyo akaimwaga kwenye bodi basi umezika mashine. Muulize fundi kwanza kama ameshafanya PS5, akijibu kwa kuzungukazunguka chukua mashine yako uende.

Na kwa wale wanaosubiri GTA VI, tarehe waliyotangaza ni 19 Novemba 2026 na ni PS5 na Xbox Series tu, ya kompyuta haijatangazwa. Hilo peke yake litauza PS5 nyingi sana Kampala.

2. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, ukaipachika kadi ndogo ya grafiksi

Hii naipenda kuliko zote, na kama wewe ni mwanafunzi au una kazi ya kompyuta nyumbani, ipandishe hadi namba moja. Zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazomwagwa na maofisi ya Ulaya zimejaa mjini, bei yake ni sehemu ndogo tu ya PS5, unaongeza kadi unapata mashine ya gemu inayokaa kimya chini ya TV na mchana mtoto anafanyia assignment.

Lakini sikiliza vizuri ukubwa wake maana hapa ndo watu wanaumia. Kuna yale madogo kabisa, saizi ya kitabu, yanaitwa Micro kwa Dell, Tiny kwa Lenovo, Mini kwa HP. Hayo ya kawaida hayana nafasi ya kadi, muuzaji akikuapia kwa mama yake inaingia mwambie aiweke mbele yako. Wewe unataka SFF, ile inayolala kama deki ya zamani ya video. Inachukua kadi fupi ya kimo, yenye kile kibati kifupi cha nyuma, na inayokula umeme wa kwenye slot peke yake, yaani isizidi wati 75, sababu pawa saplai ya humo ni ndogo na haina waya wa ziada wa kadi.

Kadi za aina hiyo hazizidi vidole vya mkono. GTX 1650 ya kimo kifupi, ya zamani kidogo lakini mpira inacheza vizuri kabisa. RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, inakula wati 70, hii ndo bora kati yao ila nyingi ni nene nafasi mbili, pima kwanza kwenye boksi lako kama slot ya pembeni iko huru na pawa saplai haizibi. RX 6400 watakuuzia kwa maneno matamu, ila inatumia njia nne tu za PCIe, yaani ile slot ya kadi, ukiiweka kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3 inapoteza nguvu, mimi ningeiacha.

Prosesa usishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel, i5-8500 hivi. Sio ushabiki. Windows 10 iliacha kupata msaada 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, na FC 26, ile gemu ya mpira ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA, kwenye kompyuta inadai Secure Boot na TPM 2.0 (ulinzi wa ndani ya kompyuta) la sivyo haifunguki. Kwa hiyo ile ya kizazi cha 4 wanayokupa "bei ya ndugu", hata ukiipa kadi ya dhahabu, mpira mpya hutauona. Hakikisha pia ina ramu GB 16 na SSD, maana wengine wanakubakizia ile hard disk ya kuzunguka ambayo inakunywa chai kabla ya kufungua.

Inafikia PS5? Hapana, na usidanganywe. Kwa Full HD, mpira na gemu za miaka ya nyuma utacheza poa, gemu kubwa mpya utashusha picha hadi katikati au chini. Ila kumbuka Steam ina ofa kila msimu, Epic wanagawa gemu bure kila wiki, na padi ya PS4 iliyolala kabatini inaunganika kwa Bluetooth kama kompyuta inayo.

3. Mini PC mpya za AMD

Beelink, Minisforum, GMKtec na wenzao. Tafuta yenye Ryzen 7 7840HS au 8845HS, ndani yake kuna grafiksi ya Radeon 780M ambayo inashangaza kwa saizi yake. Inacheza FC kwa Full HD bila kulia, unaibeba kwenye begi ukaenda nayo kijijini.

Sharti moja tu ambalo ni kubwa: ramu iwe vijiti viwili. Grafiksi ya ndani inatumia ramu hiyohiyo ya kompyuta, ukiwa na kijiti kimoja njia inakuwa nusu na gemu inakatakata, afu mtu anaanza kutukana AMD. Wauzaji wengi wanaleta na kijiti kimoja cha 16. Mwambie akupe mbili za 8.

Hapa pia umeme unaongea. PS5 ikicheza gemu nzito inakula kama wati 200, saa nne ni uniti 0.8, kwa uniti ya kama 750 hiyo ni 600 kwa siku. Mini PC ya namna hii ikila wati 80 ni kama 240. Kwa mwezi tofauti ni elfu kumi na kitu, sio ya kukuua, lakini kama uko kwenye sola na inverta huko West Nile, wati 80 unacheza usiku na wati 200 unalala mapema. Hiyo ndo sababu ya kweli ya kununua hizi, sio ule udogo wa kupendeza.

Zile za Ryzen AI Max+ 395 zina grafiksi nzito hadi zinaikaribia konsoli, ila bei yake unanunua PS5 na inabaki chenji nyingi. Pita.

4. Steam Machine yenyewe

Mashine tamu hii, banange. Mraba wa kama sentimita 16, pawa saplai iko ndani, prosesa ya Zen 4 ya core sita, grafiksi ya RDNA 3 yenye GB 8 zake peke yake, ramu 16 ya kubadilishika, SSD ya GB 512 au TB 2. Kwa karatasi iko mtaa mmoja na PS5, na GB 8 za grafiksi ndo mahali itakapobanwa kwenye gemu mpya za 4K, kwa Full HD sioni shida. Na sio kama zile Steam Machine za 2015 zilizokufa kwa sababu gemu za Linux zilikuwa chache, saa hii kuna Proton, tangu 2018, inachukua gemu za Windows na kuzichezesha kwenye SteamOS, ule mfumo wa Valve wa Linux, nyingi bila wewe kujua kuna kitu kinatafsiriwa hapo katikati.

Sasa tatizo. Zile gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya wanaoiba mechi onlaini hazikubali Linux. FC ya EA, hapana. Fortnite, Call of Duty, Valorant, hapana. Yaani umenunua mashine nzuri, marafiki wamekuja Jumamosi, wanauliza FC iko wapi, unawaonyesha nini? Ndio unaweza kuweka Windows, Valve hawakatazi, lakini ukishaweka Windows umebaki na kompyuta ya kawaida na ule ulaini wa SteamOS uliolipia umeutupa.

Juu ya hapo Valve hawauzi mashine zao rasmi huku kwetu, itakuja kupitia mtu wa mizigo au shangazi wa Boston, ikifa garantii ni wewe na Mungu. Na walishasema bei haitafidiwa kama konsoli zinavyouzwa kwa hasara, itaenda na bei ya kompyuta ya nguvu hiyo. Kama wewe ni mtu wa Steam, una gemu mia kwenye akaunti na mpira haukuhusu, ipandishe juu ya PS5. Wengine subirini.

5. Kompyuta kubwa ya kuunda

Kwa nguvu inawafunga wote, hilo halina mjadala. Ila hii ni orodha ya sebuleni. Bei ya ramu na SSD ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya AI, kwa hiyo ile bajeti uliyoona kwenye video ya mwaka juzi isahau. Unda kama unahariri video au una chumba chako, na weka UPS nzuri, kila ukikatika umeme unarudi na kishindo.

Xbox Series S naipitia haraka: mashine nzuri, haina CD, kwa bando letu inajikata yenyewe. PS4 ya mkono wa pili bado ina maisha kwa mpira tu, FC 26 ilitoka kwake pia, kwa mwenye kibanda anayechaji kwa mechi ni biashara, kwa nyumbani ningeongeza pesa.

Na kama utaunda, chunga RX 580. Nyingi zinazokuja na mizigo ya Uchina ni zile zilizopunguzwa, muuzaji anakuandikia 580 ya kawaida. Omba aiwashe, weka programu ya GPU-Z kwenye flashi, soma pale penye idadi ya shaders: ya kweli inaonyesha 2304. Ukiona 2048 lipa bei ya RX 570 au irudishe kwenye kioo chake.